Coton de Tulear: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mbwa Mweupe wa Madagaska

Ninamfuga Pamba, jike wa aina ya Coton de Tulear, ambaye sasa ana umri wa miaka 12. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wanaomwona njiani, na hasa na wale ambao tayari wameshapenda picha za mbwa huyu na wanataka kumleta nyumbani. Nimejibu kwa urefu pale ambapo wafugaji wapya hukosea mara nyingi.

Coton de Tulear ni mbwa wa namna gani?

Ni mbwa mdogo mwenye manyoya meupe, marefu na mepesi, ambaye asili yake ni kusini-magharibi mwa Madagaska. Hakufugwa ili awinde, alinde boma wala achunge mifugo. Kazi yake tangu zamani imekuwa kukaa na watu. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limemweka katika kundi la 9, ambalo ni kundi la mbwa waandani, pamoja na jamaa zake wa Bichon, ukoo wa mbwa wadogo wenye manyoya mengi. Kwa vipimo vya shirikisho hilo, dume huwa na kimo cha sentimita 26 hadi 28 mabegani na uzito wa kilo 4 hadi 6, na jike huwa na sentimita 23 hadi 25 na uzito wa kilo 3.5 hadi 5. Mwili wake ni mrefu kidogo kuliko kimo chake, macho ni ya mviringo na meusi, masikio yananing'inia, na mkia hushuka anapotulia lakini hujikunja juu ya mgongo anapotembea. Weupe wake si lazima uwe kamili: masikioni panaweza kuwa na kivuli cha kijivu au cha rangi ya hudhurungi iliyofifia, na watoto wengi huzaliwa na madoa ambayo hupauka kadiri wanavyokua.

Jina lake lina maana gani?

"Coton" ni neno la Kifaransa lenye maana ya pamba, na Tulear ni jina ambalo Wafaransa waliupa mji wa Toliara, bandari iliyoko kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji. Kwa hiyo anayemwita pamba wa Toliara hajakosea hata kidogo. Kuna jambo jingine ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: katika lahaja za pwani za Kimalagasi mbwa huitwa amboa, neno lililotokana na lugha za Kibantu za upande wetu wa bahari, kama vile punda alivyo ampondra na kuku alivyo akoho. Watu waliovuka kwenda Bukini, kama wazee wetu walivyokiita kisiwa hicho, walikwenda na wanyama wao pamoja na majina ya wanyama hao.

Alifikaje Madagaska?

Mbwa wadogo weupe wa ukoo wa Bichon walisafiri sana katika meli za Ulaya, kwa kuwa walikuwa wepesi, wachangamfu na wenye kupendwa bandarini kama bidhaa ya kubadilishana. Masimulizi yanayopendwa zaidi ni ya meli iliyovunjika karibu na Toliara, ambamo watu walizama na mbwa wakaogelea hadi ufukweni. Hayo ni masimulizi, na ninayaeleza kama masimulizi. Baada ya kufika walipandana na mbwa wa kisiwani, kisha wakapendwa na wakubwa wa Kimerina wa nyanda za juu na baadaye na walowezi wa Kifaransa.

FCI iliitambua aina hii mwaka 1970, kufuatia maombi ya chama cha mbwa cha Madagaska, na mwaka 1974 nchi hiyo ikatoa stempu yenye picha yake. Katika miaka hiyohiyo mwanabiolojia wa Marekani, Robert Jay Russell, aliyekuwa akichunguza lemuri (wanyama wa mitini wanaofanana na kima) huko Madagaska, aliwaona mbwa hawa na kuanza kuwapeleka Marekani. Hata hivyo, American Kennel Club, chama cha usajili wa mbwa cha Marekani, haikuitambua rasmi aina hii hadi mwaka 2014.

Nitamtofautishaje na mbwa wengine wadogo weupe?

Swali hili ni muhimu, kwa sababu katika miji yetu mbwa yeyote mdogo mweupe mwenye manyoya mengi anaweza kuuzwa kwa jina lolote ambalo mnunuzi analitaka. Tazama masikio kwanza. Ikiwa yamesimama kama ya mbweha, huyo ni Spitz wa Kijapani au mchanganyiko wake, naye ni wa ukoo mwingine kabisa. Ikiwa yananing'inia, shika manyoya. Ya mbwa wa Malta ni kama hariri: yananyooka, yanang'aa na kuanguka pembeni kwa uzito wake. Ya Bichon Frise yana mawimbi ya kujisokota na hukatwa kwa mkasi hadi mbwa akaonekana mviringo. Ya Coton hayang'ai. Ni makavu kidogo kuyagusa, yana mawimbi hafifu, na ukiyabana kiganjani kisha ukafungua mkono hurudi taratibu kama pamba iliyochambuliwa. Huhitaji kuwa mtaalamu kuhisi tofauti hiyo. Ukishamgusa Coton mmoja wa kweli, vidole vyako havitasahau.

Tabia yake ikoje?

Maelezo rasmi ya aina hii yanasema kwamba tabia yake ni mojawapo ya sifa zake kuu, na katika hilo sina ubishi. Ni mbwa mchangamfu asiye na hasira za ghafla, mwepesi wa kuzoea watu na wanyama wengine, na mwenye akili ya kusoma sura ya mwenyeji wake. Wengi wao hupenda kusimama na kutembea kwa miguu ya nyuma wakitaka kuona kitu kilicho mezani, na wengine hukimbia mizunguko sebuleni bila sababu yoyote isipokuwa furaha. Hujifunza haraka akifundishwa kwa upole na kwa tonge dogo la zawadi. Ukimkaripia kwa sauti kubwa hatatii zaidi. Atajificha chini ya kiti, na siku ya pili atakuja kwako kwa wasiwasi. Kufundishwa kujisaidia nje huchukua subira, kwa kuwa kibofu cha mbwa mdogo ni kidogo. Mtoto wa miezi 3 atolewe nje kila baada ya saa mbili au tatu, kila aamkapo na kila amalizapo kula.

Je, ninaweza kumwacha peke yake nikienda kazini?

Ukisoma jibu moja tu kati ya haya yote, basi liwe hili. Mbwa huyu alichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kuwa karibu na binadamu, na kwake upweke si usumbufu mdogo bali ni mateso. Akiachwa peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni kila siku, baadhi yao hulia mfululizo, baadhi hutafuna milango, na baadhi hujilamba miguu hadi ngozi ikatoka vidonda. Watu humwona kama mbwa mbaya, ilhali anaonyesha kwa njia aliyonayo kwamba ameshindwa kuvumilia.

Saa tatu au nne za kuwa peke yake, kwa mbwa mzima aliyezoeshwa polepole, zinavumilika. Kuzoesha kwenyewe huanza na dakika mbili: toka, funga mlango, rudi kabla hajaanza kulia, wala usifanye sherehe ya kuaga au ya kurejea. Kesho yake dakika tano, na keshokutwa kumi. Kwa Pamba kazi hiyo ilituchukua miezi miwili, na hadi leo nikichukua funguo za gari huinua kichwa na kunitazama mpaka nimwambie kwamba ninarudi.

Kama nyumba yako huwa tupu mchana kutwa, na hakuna bibi, mtoto wa ndugu wala msaidizi wa nyumbani anayempenda mbwa na ambaye atakaa naye, ninakushauri kwa moyo mweupe usimchukue. Vilevile Coton si mbwa wa kufungiwa bandani uani mchana na kufunguliwa usiku ili alinde, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za kwetu. Bandani atakonda kwa huzuni, na langoni hatamzuia mwizi.

Anabweka sana?

Hapana, si sana. Hutoa taarifa mgeni anapobisha hodi, kisha hunyamaza akiona umempokea mgeni huyo. Hutoa pia sauti nyingine ndogondogo za kooni, kama mtu anayenung'unika peke yake. Akibweka siku nzima, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Anapatana na watoto?

Anapatana nao vizuri, na mara nyingi hatari ni kwa mbwa kuliko kwa mtoto. Mifupa ya mbwa wa kilo 4 huvunjika akidondoka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama. Sheria yetu nyumbani ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 8 humbeba akiwa ameketi sakafuni, na hakuna mtoto anayemgusa anapokula au anapolala. Paka na mbwa wengine huwazoea bila shida, ila mbwa mkubwa anayecheza kwa nguvu anaweza kumuumiza bila kukusudia.

Manyoya yake hutunzwaje?

Manyoya ya Coton hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengi. Yale yaliyokufa hubaki yamenaswa kati ya yale mazima, na hapo ndipo mafundo huanzia. Mbwa mwenye manyoya marefu huhitaji kuchanwa kila siku, au angalau kila baada ya siku moja, kwa dakika 15 hadi 20. Vifaa ni viwili tu: brashi yenye pini ndefu za chuma zisizo na vidonge vya plastiki nchani, na kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili.

Usichane juujuu. Mlaze ubavu, gawa manyoya kwa kidole hadi uone ngozi, nyunyiza maji kidogo yaliyochanganywa na kilainishi cha nywele, kisha chana fungu moja baada ya jingine kutoka ngozini hadi nchani. Manyoya makavu hukatika, ndiyo maana hayachanwi bila kulowanishwa kidogo. Ukimaliza kwa brashi pitisha kitana. Kikikwama, hapo pana fundo.

Mahali pa kupakagua zaidi ni nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, na shingoni chini ya kola. Fundo la nyuma ya sikio huanza likiwa dogo kama punje ya mchele, na ukilipuuza kwa wiki moja linakuwa gumu kama kipande cha sufi kilichogandamizwa, likivuta ngozi kila mbwa anapogeuza kichwa. Kulifungua, mimi hulipaka wanga wa mahindi kidogo, nikashika manyoya kati ya fundo na ngozi kwa vidole viwili ili maumivu yasimfikie, kisha nikalichambua kwa ncha ya jino la mwisho la kitana, uzi kwa uzi, kuanzia nje kwenda ndani. Pamba hulala usingizi wakati huo. Mara ya kwanza nilijaribu kulivuta kwa brashi, naye akapiga yowe ambalo sijalisahau. Tangu hapo ilinichukua majuma kadhaa kumrudishia imani na brashi.

Jitayarishe kwa kipindi kati ya umri wa miezi 7 na 15 hivi, manyoya ya utoto yanapobadilika kuwa ya utu uzima. Katika miezi hiyo mafundo huota asubuhi na jioni, na wafugaji wengi hukata tamaa. Hakuna aibu kumpeleka akakatwe yabaki ya sentimita 2 au 3 katika kipindi hicho, au hata maisha yake yote. Mbwa mwenye manyoya mafupi yaliyo safi ana raha kuliko mwenye manyoya marefu yaliyosokotana, na urembo wa maonyesho haumhusu yeye.

Aogeshwe mara ngapi?

Kila baada ya wiki tatu au nne inatosha, kwa shampuu ya mbwa, kwa kuwa ngozi ya mbwa haivumilii sabuni za binadamu. Mchane kabla ya kumwogesha, kamwe usianze kwa maji, kwani fundo likilowa hukaza. Suuza hadi maji yatoke maangavu, kamua kwa taulo bila kusugua, kisha kausha kwa mashine yenye hewa ya uvuguvugu huku ukichana. Kausha masikio ndani kwa pamba, kwa sababu sikio lililofunikwa na manyoya na kubaki na unyevu huota fangasi. Alama za kahawia chini ya macho zifutwe kila siku kwa kitambaa na maji safi, na macho yakitoa machozi mengi kuliko kawaida, aonwe na daktari.

Je, ni kweli kwamba hasababishi mzio?

Hakuna mbwa asiyesababisha mzio. Vichocheo vimo katika mate, mkojo na vumbi la ngozi, wala si katika manyoya pekee. Kwa kuwa Coton hapukutishi sana, baadhi ya watu wenye mzio huvumilia kuishi naye, lakini wengine hawawezi. Kaa na mbwa wa mtu mwingine kwa saa kadhaa, na zaidi ya mara moja, kabla ya kuamua.

Atavumilia joto la Mombasa au Dar es Salaam?

Toliara yenyewe ni mji wa joto na ukame, kwa hiyo joto si geni kwa ukoo wake. Kinachomwelemea ni joto likiambatana na unyevunyevu, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa iliyojaa unyevu hupunguza nguvu ya njia hiyo. Mtembeze alfajiri kabla ya saa moja, na jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Weka upande wa nyuma wa kiganja chako kwenye lami. Ukishindwa kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Usimwache garini hata kwa dakika chache, hata kama gari liko kivulini. Ukiona anahema bila kukoma, ufizi umekuwa mwekundu sana na anayumba, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimnyoe hadi ngozini kwa nia ya kumpunguzia joto, kwani ngozi yake nyepesi huunguzwa na jua.

Ale nini, na kiasi gani?

Mbwa mzima wa kilo 5 huhitaji takriban kalori 300 hadi 400 kwa siku, kutegemea umri na shughuli zake. Kwa chakula kikavu cha dukani hicho ni karibu kikombe kimoja, kigawanywe mara mbili. Mtoto apewe mara tatu au nne, kwa kuwa mbwa wadogo wakikaa na njaa muda mrefu sukari ya damu hushuka, wakaanza kutetemeka na kulegea.

Ugali kwa dagaa, ambao ndio chakula cha mbwa wengi wa Afrika Mashariki, hauna sumu, lakini ukiwa ndio mlo wa kila siku haumtoshelezi, na dagaa wa kukaushwa huja na chumvi na mchanga. Kama unapika mwenyewe, nyama, samaki asiye na miba au mayai yawe sehemu kubwa ya sahani, wali au viazi vitamu vifuate, mboga kidogo, na upate ushauri wa daktari kuhusu kalsiamu. Usimpe kamwe vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu, makadamia, wala vitu vilivyotiwa sukari bandia ya xylitol. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano na kutoboa utumbo. Waeleze wageni jambo hili kabla hawajaketi mezani, kwa maana tonge la huruma kutoka kwa mgeni ndilo lililowahi kutupeleka kwa daktari usiku wa manane.

Meno yapigwe mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa. Mbwa wadogo hupata ugonjwa wa fizi mapema, na wengi hupoteza meno kabla ya miaka 8 kwa sababu hakuna aliyewatazama kinywani.

Anahitaji chanjo na kinga gani?

Chanjo za utotoni dhidi ya parvo, distempa na homa ya ini huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kwa ratiba atakayopanga daktari wako. Hii haina mjadala. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ugonjwa huo huua. Kuwa mbwa wako halali nje hakumtoi hatarini, kwa kuwa mbwa anayezurura anaweza kumng'ata langoni.

Kupe ndio adui wa kila siku. Huleta ugonjwa wa babesia na wa erlikia, ambayo huharibu damu, na katika manyoya mazito kama haya kupe anaweza kukaa siku kadhaa bila kuonekana. Tumia dawa ya kupe kulingana na uzito wake, na mpapase kwa vidole kila mnaporudi kutoka nje: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Katika sehemu zenye mchanga angalia pia funza nyayoni. Matandiko yake yanayoanikwa nje yapigwe pasi, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na mabuu yake huingia ngozini mwa mbwa sawasawa na yanavyoingia mwa binadamu.

Ni magonjwa gani ya kurithi ninayopaswa kuyajua?

Kwa jumla ni mbwa mwenye afya njema, na wengi hufikisha miaka 14 hadi 16. Lipo, hata hivyo, tatizo la ubongo wa nyuma linalojulikana kama ugonjwa wa Bandera, ambalo huwapata watoto tangu wakiwa na wiki chache. Hawawezi kusimama, hutetemeka vichwa, na hakuna tiba. Lipo pia tatizo la retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, na lile la figo linalotokana na mrundikano wa chumvichumvi za oksaleti. Yote matatu hurithiwa kwa namna moja: mtoto huugua akipokea jeni mbovu kutoka kwa baba na mama. Yote matatu yana vipimo vya vinasaba, na mzalishaji anayejali atakuonyesha vyeti bila kusukumwa.

Zaidi ya hayo, kifupa cha mbele ya goti, ambacho huitwa pia ya goti au kilegesambwa, huweza kuteleza kutoka mahali pake. Dalili yake ni mbwa kuruka hatua kadhaa kwa miguu mitatu kisha akaendelea kama kawaida. Diski za uti wa mgongo nazo huweza kumsumbua, kwa hiyo mzuie kuruka kutoka kitandani na kwenye makochi marefu, au umwekee ngazi ndogo.

Nimnunue kwa nani?

Nunua kwa mtu atakayekuruhusu kumwona mama akiwa na watoto wake, katika nyumba wanamoishi, na ambaye hatamtoa mtoto kabla ya wiki 8. Mimi hupendelea wiki 10 au zaidi, kwa sababu katika wiki hizo mtoto hujifunza kutoka kwa mama na ndugu zake kutouma kwa nguvu. Mzalishaji mwema atakuhoji wewe zaidi ya unavyomhoji yeye: nani yuko nyumbani mchana, nani atamchana, umewahi kufuga nini. Anayekuuliza tu utalipa kwa njia gani, achana naye. Nchini Kenya, mbwa wenye nasaba husajiliwa na East Africa Kennel Club, na huko unaweza kuanzia kuulizia. Mbwa akiagizwa kutoka nje ya nchi, kibali cha kuingiza mnyama hupatikana kwa mamlaka ya huduma za mifugo kabla ya safari, si uwanja wa ndege.

Majirani zangu ni Waislamu. Nifanye nini?

Katika pwani yetu, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Jirani anayekwepa mbwa wako hakuchukii wewe wala mbwa. Mfunge kamba katika ngazi na njia za pamoja, usimruhusu akimbilie watu wala kugusa kanzu na mabuibui, mpitishe mbali na wanaokwenda kusali, na uzoe kinyesi chake papo hapo. Coton ni mbwa anayemkimbilia kila mtu kwa upendo, na ndiyo sababu hasa ya kumshika kamba.

Ninahamia Ulaya. Ninaweza kwenda naye?

Inawezekana, lakini anza miezi sita kabla. Kwa mbwa anayetoka Kenya au Tanzania, Umoja wa Ulaya huhitaji chipu ya utambulisho, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kipimo cha damu cha kinga dhidi ya ugonjwa huo, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, chenye matokeo yasiyopungua 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita. Baada ya damu kuchukuliwa husubiriwa miezi mitatu ndipo mbwa aruhusiwe kuingia. Mpangilio huo haubadilishwi: chipu ikiwekwa baada ya chanjo, chanjo haihesabiwi. Uzuri ni kwamba kwa uzito wake mashirika mengi ya ndege humruhusu kusafiri pamoja nawe ndani, akiwa kwenye begi lake miguuni pako.

Akizeeka anahitaji nini?

Kuanzia miaka 9 au 10 apimwe na daktari mara mbili kwa mwaka, pamoja na damu, mkojo na moyo. Punguza urefu wa matembezi lakini si idadi yake. Pamba sasa ana ukungu kidogo machoni, na usiku hugonga miguu ya meza, kwa hiyo tumeacha kuhamisha samani, tumetandika mikeka kwenye vigae vinavyoteleza, na tunaacha taa ndogo ikiwaka ukumbini. Manyoya yake tumeyakata mafupi kwa sababu hawezi tena kulala ubavu kwa dakika 20. Huchanwa kwa awamu mbili, asubuhi upande wa kulia na jioni upande wa kushoto.